Kwa Nini Simu ya Kiswahili Haijui Saa Tatu Asubuhi

Kila mtaa una mtu anayesemekana "anajua kompyuta", na maswali anayoletewa yanafanana. Mmoja ameiweka simu yake katika Kiswahili, nusu ya menyu zikabaki Kiingereza, naye ameshaamini kwamba ameuziwa feki. Mwingine amechapa mauzo ya miezi mitatu kwenye Excel na sasa tarehe za Machi zimehamia Mei. Wa tatu ameagiza gari kutoka Japani, redio inamwongelesha Kijapani na haishiki stesheni anazozipenda. Fundi amemwahidi kwamba akibadilisha lugha mambo yatakaa sawa. Wa nne hana tatizo ila udadisi: simu inayoandika "Jumatatu" na "Januari" bila kukosea, mbona haijui kwamba sasa hivi ni saa tatu asubuhi?

Ukiyatazama juu juu, maswali haya hayana undugu. Kumbe yote yanaingia katika jambo moja: programu huamuaje ikuongeleshe kwa lugha ipi na ifuate desturi za nchi ipi? Wengi hudhani hiyo ni swichi moja tu, unaibonyeza na kila kitu kinafuata. Swichi ziko kadhaa, na zimetawanyika sehemu tofauti za simu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Kwenye mipangilio ya simu au kompyuta, lugha ni maneno unayoyasoma: Hifadhi, Futa, Tuma, Ghairi. Eneo ni nchi ambayo desturi zake za kuandika mambo zinafuatwa: tarehe ianze na siku au na mwezi, nukta na mkato vitumikeje katika namba, wiki ianze lini, alama ya fedha iwe ipi. Kazi ya kuiandaa programu ikubali mabadiliko hayo huitwa ujanibishaji.

Lugha na eneo huandikwa pamoja katika lebo fupi. sw-TZ maana yake Kiswahili kwa desturi za Tanzania. Zipo pia sw-KE ya Kenya, sw-UG ya Uganda na sw-CD ya Kongo. Herufi ndogo ni za lugha, kubwa ni za nchi, na zote zinatoka katika orodha za kimataifa zinazotumiwa dunia nzima. Ipo pia en-TZ, ambayo watu wengi hawajui kama ipo: menyu za Kiingereza, lakini tarehe na fedha kwa desturi za Tanzania. Kwa maofisa wengi ninaowafahamu hiyo ndiyo lebo wanayoihitaji. Wanafanya kazi kwa Kiingereza, basi wameachiwa en-US, na Marekani nzima ikaja nayo bila kualikwa.

Programu ikishaisoma lebo haifikiri chochote. Inafanya kama fundi cherehani mwenye wateja wengi: hakumbuki mwili wa mtu, anafungua daftari la vipimo, anatafuta jina lako, anakata kitambaa kwa namba alizozikuta humo. Daftari likiwa na kosa, suruali inatoka na kosa. Likiwa halina jina lako kabisa, anatumia vipimo vya mtu anayekaribiana nawe.

Daftari hilo lipo kweli. Linaitwa CLDR, na linatunzwa na Unicode Consortium, shirika lile lile linalosimamia herufi na emoji za simu zote duniani. Ndani yake mna majina ya siku na miezi, mpangilio wa tarehe, alama za fedha, majina ya nchi na mengine mengi kwa mamia ya lugha. Apple, Google na Microsoft huchota humo. Ndiyo maana kosa moja kwenye jedwali la Kiswahili linaweza kuonekana siku moja kwenye simu ya Tanga na kompyuta ya Toronto.

Nusu Kiswahili, nusu Kiingereza

Hapa ndipo penye dhana potofu iliyoenea kuliko zote: kwamba simu inajitafsiria yenyewe papo hapo, kwa hiyo ikikwama ni mbovu. Menyu hazitafsiriwi papo hapo. Kila kitufe na kila onyo lilitafsiriwa mapema, sentensi kwa sentensi, likahifadhiwa kwenye faili. Ukichagua sw-TZ, programu hutafuta sentensi hiyo katika Kiswahili cha Tanzania. Isipoipata hurudi hatua moja na kutafuta katika Kiswahili cha jumla, sw. Isipoipata huko pia, inakwenda kwenye lugha ya akiba, ambayo karibu siku zote ni Kiingereza.

Kwa hiyo simu iliyochanganya lugha ni simu inayofanya kazi sawasawa. Sehemu ya mfumo imetafsiriwa, lakini programu uliyoipakua jana iliandikwa na watu ambao hawakuweka Kiswahili. Au waliweka miaka mitatu iliyopita, wakaongeza vitufe kumi vipya tangu hapo, na mtafsiri hakuitwa tena. Hili la pili hutokea sana, na binafsi naliona ni uzembe zaidi kuliko kutotafsiri kabisa.

Kuna nafuu ambayo wengi hawajaigusa. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, unaweza kuweka orodha ya lugha kwa mpangilio wa upendeleo. Mtu wa Bujumbura anaweza kuandika Kiswahili, kisha Kirundi, kisha Kifaransa, na programu isiyo na Kiswahili itaangalia inayofuata kabla ya kukimbilia Kiingereza. Kuanzia iOS 13 (2019) na Android 13 (2022), unaweza pia kuipa programu moja lugha yake peke yake, bila kuigusa simu nzima, ilimradi programu yenyewe imeandaliwa kwa hilo.

Tovuti nazo zina utaratibu wao. Kivinjari kinapoomba ukurasa hupeleka na orodha yako ya lugha, kimya kimya. Tovuti yenye adabu huisoma. Nyingine huipuuza na kuangalia intaneti yako inatokea nchi gani, ndiyo maana msafiri kutoka Mwanza akifika Lubumbashi anakaribishwa kwa Kifaransa ingawa simu yake haijabadilika. Simu haijadukuliwa. Tovuti imemkisia tu, ikamkosea.

Mkato, nukta na Machi iliyopotea

Wengi huliona eneo kama pambo. Basi tazama namba. Tanga na Mombasa tunaandika elfu moja mia mbili thelathini na nne na nusu hivi: 1,234.5. Katika jedwali la sw-CD ni 1.234,5, kwa sababu Kongo shule na ofisi zilirithi uandishi wa Wabelgiji. Lugha moja, namba ile ile, na alama zimebadilishana kazi. Ankara inayosema 1.500 kutoka Bukavu au Brussels ni elfu moja na mia tano. Mkaguzi wa Dodoma anaweza kuisoma moja na nusu. Na faili la data lililotenganishwa kwa mikato, ukilifungua kwenye kompyuta yenye eneo la Kifaransa, mara nyingi hujirundika lote kwenye safu moja, kwa kuwa huko mkato ni wa desimali na safu hutenganishwa kwa nukta-mkato (;).

Tarehe ni hatari zaidi kwa sababu kosa lake halipigi kelele. Chukua kompyuta mpya iliyoachwa katika Kiingereza cha Marekani. Marekani mwezi hutangulia siku. Karani anaandika 05/03/2025 akimaanisha tarehe tano Machi. Excel inaipokea kama Mei 3 na haimwonyi, kwani Mei 3 ni tarehe halali. Anaendelea hivyo hadi 12. Akifika 13/03/2025, Excel inatafuta mwezi wa 13, haiuoni, inaamua kwamba hiyo si tarehe na kuiacha kama maandishi ya kawaida.

Dalili yake unaweza kuiona kwa macho. Excel husogeza tarehe inazozielewa upande wa kulia wa kisanduku. Maandishi huyaacha kushoto. Ukikuta safu ya tarehe ambayo za mwanzo wa mwezi zimeegemea kulia na kuanzia 13 zimeegemea kushoto, umeshaupata ugonjwa. Watu hukimbilia kurekebisha zile za kushoto kwa kuwa ndizo zinazokataa kupangika. Hizo ni salama. Bado ziko kama ulivyoziandika. Zilizoharibika ni za kulia, zile zinazoonekana nadhifu.

Na ukishagundua, kubadilisha eneo hakutoshi. Excel haihifadhi tarehe kama ulivyoichapa, huhifadhi namba ya siku zilizohesabiwa tangu mwaka 1900, kisha huionyesha kwa mtindo wa eneo lako. Ukihamia Tanzania baada ya kosa, ile Mei 3 itajipanga vizuri kama 03/05/2025 na kuendelea kudanganya kwa mtindo wa kwetu. Eneo hubadilishwa kwanza, data huingizwa baadaye. Kwa barua na mikataba inayovuka mipaka, andika jina la mwezi, au tumia mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, yaani 2025-03-05: mwaka, mwezi, siku.

Usidhani hili ni tatizo la makarani peke yao. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya jeni kadhaa kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Wanasayansi walishindana na programu kwa miaka, mwishowe wakaona ni rahisi zaidi kuzipa jeni majina mapya.

Sisi tuna mtego wetu wa nyumbani: 10,000/=. Kila duka linaandika hivyo, na kwenye risiti ya mkono haina shida. Kwenye kisanduku cha Excel, hiyo alama ya mwisho inaifanya namba yote kuwa maandishi. Unapiga jumla ya mauzo ya siku, unapata sifuri. Andika 10000 tu, kisha uiambie safu ionyeshe shilingi.

Alama ya fedha haibadilishi fedha

Kwa miaka mingi Windows ilikuwa na Kiswahili kimoja tu katika orodha yake ya maeneo, nacho kilikuwa cha Kenya. Mtanzania aliyetaka majina ya miezi kwa Kiswahili alipewa na shilingi ya Kenya juu yake. Tanzania iliongezwa baadaye. Ndiyo maana bado utakutana na faili za zamani za ofisi za Tanzania zenye alama isiyo ya kwao.

Hapo ndipo watu huuliza: nikibadilisha eneo kutoka Tanzania kwenda Kenya, salio langu litahesabiwa upya? La. Eneo hubadilisha namna ya kuonyesha, halibadilishi thamani. Programu iliyoandikwa vizuri huhifadhi kiasi pamoja na msimbo wa sarafu yake, TZS 5000, na msimbo huo hauguswi hata uhamie Muscat. Iliyoandikwa ovyo huhifadhi 5000 peke yake na kuibandika alama ya eneo lolote ulilochagua, kwa hiyo TSh 5,000 inageuka kuwa Ksh 5,000 bila senti moja kubadilishwa. Ukiona hivyo, iogope programu hiyo.

Kwa orodha ya kimataifa ya misimbo ya sarafu, shilingi ya Uganda haina senti, lakini ya Tanzania na ya Kenya zina tarakimu mbili baada ya nukta. Ndiyo sababu ya ile TSh 5,000.00 unayoiona kwenye ankara za kompyuta, na senti ambazo hakuna anayezidai.

Nchi kadhaa ndani ya simu moja

Dhana nyingine potofu ni kwamba ukibadilisha eneo, simu "inaamini" uko nchi nyingine, au kwamba eneo ndilo linalofanya ufuatiliwe. Ndani ya simu yako mna nchi zaidi ya moja na hazijuani. Ipo ya mipangilio, unayoichagua mwenyewe. Ipo ya laini: namba ya utambulisho iliyofichwa ndani ya kadi ya simu huanza na tarakimu tatu za nchi, 640 kwa Tanzania, 639 kwa Kenya. Ipo ya duka la programu, inayofungamana na akaunti na njia yako ya malipo. Ipo ya mahali ulipo kweli, inayotoka kwenye setilaiti na minara. Na majira ya saa nayo hujitegemea: Kongo ina mawili, Kinshasa ikiwa saa moja mbele ya saa ya dunia na Lubumbashi saa mbili, wakati Dar es Salaam na Nairobi ziko saa tatu mbele. Kuweka eneo "Oman" kwenye mipangilio hakukufungulii duka la Oman wala hakukufichi.

Sasa lile gari la Japani. Menyu za redio ni lugha, na katika redio nyingi za soko la Japani mtengenezaji hakuweka lugha nyingine, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Ramani yake ni data ya Japani peke yake. Stesheni ni suala la tatu kabisa, na halihusiani na programu ya lugha hata kidogo: Japani FM huanzia megahezi 76 na redio za zamani huishia 90, kwetu FM inakwenda hadi 108. Hata ukipata fundi wa kuigeuza menyu iwe Kiingereza, stesheni ya 98.5 haitashikika. Kinachosaidia ni kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kuyashusha mawimbi, au kubadilisha redio yenyewe. Aliyeahidi kwamba "tutabadilisha lugha" amekuuzia jibu la swali lingine.

Maadamu tuko kwenye magari ya Japani: karatasi zake huweza kuandika mwaka kwa enzi za wafalme. Heisei 27 si mwaka 27. Ongeza 1988, unapata 2015. Reiwa ilianza Mei 2019, kwa hiyo unaongeza 2018. Kwa mnunuzi wa Kenya, ambako gari lililotumika likizidi miaka 8 halipokelewi, hesabu hiyo ina maana kubwa.

Kalenda

Simu inaweza kukuonyesha tarehe ya Hijria, na kila Ramadhani inapokaribia mabishano huanza: simu inasema leo ni mosi, mwezi haujatangazwa. Simu haijauona mwezi. Kalenda ya Hijria iliyomo ni ya hesabu, mara nyingi ikifuata majedwali ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia, yaliyopangwa miaka mingi mbele. Zanzibar, Mombasa na Muscat tangazo linafuata kuandama kwa mwezi. Tofauti ya siku moja ni ya kawaida, na programu nyingi za nyakati za swala zina mahali pa kuongeza au kupunguza siku.

Wiki nayo: katika majedwali ya CLDR, wiki ya Kenya huanza Jumapili, ya Tanzania Jumatatu, ya Oman Jumamosi. Ukipokea picha ya kalenda kutoka kwa ndugu aliye nchi nyingine, soma jina la siku, usihesabu safu.

Saa

Turudi kwa yule mdadisi. Majedwali yanajua kuandika saa kwa mzunguko wa 12 au wa 24, na yote mawili hesabu yake huanzia saa sita usiku au saa sita mchana. Hesabu yetu huanzia jua linapochomoza na linapozama, na katika nchi zilizo karibu na ikweta inafaa mno kwa kuwa jua halihamihami sana mwaka mzima. Waethiopia nao huhesabu hivyo. Lakini kwenye orodha ya mitindo ya saa hakuna nafasi ya kuandika "anzia alfajiri", kwa hiyo hata mtafsiri anayejua hawezi kuuweka mtindo huo.

Kuna ujanja. Peleka majira ya simu Buenos Aires, Argentina, ambayo iko saa sita kamili nyuma ya Afrika Mashariki. Saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam simu itaandika 3:00. Inafanya kazi vizuri kuliko unavyotarajia, mpaka utazame tarehe: itabadilika saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi usiku wa kuamkia Jumanne, simu bado iko Jumatatu. Na kwa watu wa pwani kosa ni kubwa zaidi, maana kwao siku mpya huingia jua linapozama, si linapochomoza. Hakuna kupunguza sita kunakoweza kutibu hilo.

Mimi siungi mkono wanaotaka tarakimu zenyewe zibadilishwe. Tumeshazoea kuona 9:00 ukutani na kusema saa tatu. Ubadilishaji unafanyika kichwani na hauchoshi. Tikiti ya basi ikiandika 12:00 watu wanauliza papo hapo, "ya Kiswahili au ya Kizungu?" Simu ikianza kuandika 3:00 bila maelezo tutakuwa tumeihamishia kila mtu wasiwasi huo, kila saa. Penye kosa la kweli ni kwenye maneno na sauti. Programu inayosema "saa tisa asubuhi" imekosea Kiswahili, kwa sababu saa tisa ni ya alasiri au ya usiku, si ya asubuhi. Ikishaamua kutamka neno "saa", itamke hesabu ya Kiswahili. Isipoweza, iache tarakimu zijisemee.

Sentensi zenye tundu

Kazi ngumu kuliko zote mtumiaji haioni kabisa. Programu huandikwa na sentensi zenye tundu: "___ imefutwa". Kwa Kiingereza unaweka jina lolote ndani ya tundu na sentensi inasimama. Kwetu picha imefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa, kiungo kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Mtafsiri amepewa kitenzi kimoja cha kutumika kwa ngeli zote, na hajui tundu litajazwa na nini. Yale makosa ya "ujumbe imefutwa" unayoyacheka hayatoki kwa mtu asiyejua Kiswahili. Yanatoka kwa mtayarishaji wa programu aliyedhani lugha zote zinajengwa kama ya kwake.

Watafsiri wazoefu wana njia ya kuukwepa mtego: wanamfanya mtumiaji awe mtenda. "Umefuta picha", "umefuta ujumbe", "umefuta faili". Kitenzi kinakubaliana na wewe, na tundu lipokee chochote.

Wingi una kanuni zake. CLDR huipa kila lugha idadi ya maumbo inayoyahitaji: Kijapani moja, Kiswahili mawili, Kiarabu sita. Ya kwetu yanaonekana kwenye nyakati: siku 1 iliyopita, siku 3 zilizopita, mwezi 1 uliopita, miezi 3 iliyopita. Ukiona "siku 1 zilizopita", mtengenezaji aliacha nafasi ya umbo moja. Waturuki wana karaha yao: kwao herufi kubwa ya i ina nukta pia, İ, na programu zilizoandikwa bila kulijua hilo zimewahi kushindwa kutambua maneno yake zenyewe pale tu kompyuta inapowekwa Kituruki.

Nani hujaza daftari

Juhudi za Kiswahili hazikuanza jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizokuwa huru na za Kiswahili. CLDR yenyewe hupokea data kutoka kwa kampuni kubwa, vyuo, serikali na watu binafsi waliojitolea. Unaomba akaunti, unafungua lugha yako, unaona kila neno lililopo, unapendekeza lingine au unaunga mkono lililopendekezwa. Kura za taasisi zina uzito kuliko za mtu mmoja, kwa hiyo pendekezo likiwa na ushahidi wa matumizi na watu kadhaa nyuma yake linasonga haraka.

Matoleo mapya hutoka mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo neno lililorekebishwa halikufikii siku hiyo. Linasubiri watengenezaji wa mfumo walichukue, kisha lisubiri simu yako ipokee sasisho. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuisasisha hubaki na daftari la mwaka ule, makosa yake yote yakiwemo, hata kama yalisharekebishwa kwingine zamani.